Tusiimalize Enderema ya Mtoni

(Mazungumzo ya wahudumu wa ofisi ya maendeleo ya kanisa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira)

Tunawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka upande wa pili wa bonde na kuvuka mto kwa miguu huku mmebeba viatu mkononi. Tumewaona.

Leo hatukuleta mbegu mpya kutoka mbali. Hatukuleta mashine wala fomu za kutia sahihi. Tumekuja kuzungumza juu ya mmea ambao kila mmoja hapa ameukanyaga tangu utoto akienda kuteka maji. Enderema. Haya, tunaona wengine mnacheka. Chekeni tu. Mtu anaweza kusema, "Mmetuita tutembee saa mbili nzima ili mtuambie habari za enderema?" Ndiyo. Tumewaita kwa sababu enderema ya mtoni imeanza kuisha, na sisi wenyewe wa ofisi hii tumo miongoni mwa walioimaliza. Hayo tutayaeleza bila kuficha.

Kwanza tuhakikishe tunazungumza juu ya kitu kimoja, maana kuna vijana hapa waliokulia mjini, na kuna kina mama walioolewa hapa kutoka kwingine. Enderema ni mmea wa kutambaa. Kwa Kiswahili huitwa nderema, na Wakikuyu huuita murerema. Shina lake ni nene, laini, lenye maji mengi, la kijani au la rangi ya zambarau. Majani ni mapana na manono, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta, na ukilivunja jani kwa vidole unaona utelezi kama wa bamia. Maua ni madogo sana, meupe yenye wekundu kidogo. Matunda yakiiva huwa meusi yenye zambarau, na ukiyaponda yanatoa maji yanayotia doa kweli kweli. Tulipokuwa wadogo tuliyafanya wino, tukachapwa nyumbani kwa kuharibu nguo za shule. Kama umeona mmea wa kutambaa na huna hakika ni wenyewe, usiuchume. Muulize mama mkubwa anayeufahamu, maana mtoni kuna mimea mingi ya kutambaa na si yote ni mboga.

Enderema haikai ndani ya maji kama mafunjo. Hupenda udongo wenye unyevu na kivuli kidogo: ukingo wa mto, pembeni mwa chemchemi, chini ya miti ya bondeni, nyuma ya migomba pale maji ya kuogea yanapoishia. Maji yakisimama juu ya mizizi kwa siku nyingi huoza. Jua likiipiga mahali pakavu hudumaa, majani yakawa madogo na magumu. Kwa hiyo makao yake ya asili hapa kwetu ni ule mkanda mwembamba kati ya shamba na maji. Na mkanda huo ndio tunaoutafuna kila mwaka.

Mkanda wa mto umekwenda wapi?

Mnajua jinsi mashamba yetu yalivyokatwa. Yanaanza juu kwenye mgongo wa kilima, penye barabara na nyumba, yanateremka kama mistari mirefu mpaka majini. Baba akigawia wana wanne, mistari inakuwa minne, kila mmoja mwembamba, lakini kila mmoja unataka kufika mtoni. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kwa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Mahali penye watu wengi namna hiyo, hakuna anayekubali kuacha hata hatua mbili bila kulima. Tunaelewa. Hatukuja kumsuta mtu mwenye njaa.

Lakini tuangalie kinachotokea. Mmoja anasogeza mahindi mpaka ukingoni, mvua ya Aprili inakuja, ukingo unabomoka na mahindi yanakwenda na maji. Mwingine anapanda majani ya ng'ombe mpaka ndani ya chemchemi. Mwingine anachimba udongo wa matofali bondeni, akimaliza anaacha mashimo yanayozaa mbu. Halafu kuna mikaratusi. Mkaratusi hunywa maji mengi, na ukipandwa kwa wingi bondeni hukausha mahali palipokuwa na unyevu. Mnakumbuka mwaka wa 2009, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na vyanzo vya maji iondolewe. Wako waliokata. Wako waliongoja afisa apite. Na mkaratusi ukikatwa tu bila kung'olewa kisiki, huchipua tena, kwa hiyo hata baadhi ya waliotii wana miti minne leo pale palipokuwa na mmoja.

Hatusemi mkaratusi ni mti wa shetani. Umelipa karo za watoto wengi, na viwanda vya majani chai vinahitaji kuni za kukaushia chai. Tunasema upandwe juu mlimani, si bondeni. Baba mmoja alituambia asubuhi hii kwamba shamba lake lote ni bonde. Ndugu, kwako wewe jambo ni gumu kuliko kwetu tunaosema, tunakiri hivyo.

Chini ya mikaratusi huoni enderema. Ukingoni palipolimwa huoni enderema. Na mto wetu haukai kwetu peke yake. Gucha unaanzia milima ya Nyamira, unapita Kisii, unakwenda mpaka Ziwa Victoria, na huko chini wenzetu wanauita Kuja. Udongo tunaoubomoa hapa ndio unaowafanya wao wateke maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Kosa letu

Sasa tuje kwa lile tuliloahidi kusema.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukitembelea kikundi kimoja cha kina mama, hatutakitaja. Walitaka mradi. Wakati huo mboga za kienyeji zilikuwa zimepanda heshima. Wenye umri wetu wanajua zamani ilikuwaje: ukipikia mgeni enderema au rinagu, wewe ni maskini, mtu wa maana ananunua kabeji. Mambo hayo yamegeuka. Profesa Mary Abukutsa, mwana wa magharibi mwa Kenya, ametumia miaka mingi kuchunguza mboga hizi na kuonyesha kwamba zina lishe kuliko tulivyofikiri. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalichapisha kitabu cha vyakula vya asili mwaka wa 1999, na baadaye yakafanya kazi ya kuandika majina ya mimea ya chakula karibu 850 kwa lugha za wenyeji. Kazi hiyo ilitambuliwa na UNESCO mwaka wa 2021. Leo chinsaga na rinagu zinauzwa Nairobi kwenye maduka makubwa. Basi sisi tukawaambia wale kina mama: mna mali mtoni, mbona mnalala? Chumeni, fungeni mafungu, uzeni.

Walitusikia. Ndiyo shida yake. Mwezi wa kwanza walileta hesabu nzuri, mweka hazina akitabasamu. Sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba mradi umefaulu. Mwezi wa pili walivuka upande wa pili wa mto. Mchuuzi aliyekuja kununua alitaka magunia, si mafungu, na ukitafuta kujaza gunia haraka huchagui ncha, unavuta mmea wote na mizizi yake. Ilipofika Januari na jua likawaka, hapakuwa na kitu cha kuchipua. Kikundi kikanyamaza. Mchuuzi akatafuta bonde jingine.

Halafu akaja magokoro mmoja ofisini. Ni mjane, anaishi kwenye kipande cha shemeji yake, hana hata mahali pa kupanda kitunguu. Tulidhani amekuja kuomba msaada wa blanketi. Alikaa, akanywa maji, akauliza: "Nyinyi ndio mlifundisha wale watoto kuchuma enderema?" Tukasema ndiyo. Akauliza: "Sasa mimi nitachuma wapi?"

Hatukuwa na jibu. Yeye alikuwa akiteremka pale mara mbili au tatu kwa wiki, miaka mingi kabla ya ofisi yetu kujengwa. Alikula na wajukuu wake watatu, na Ijumaa aliuza mafungu machache kwa Wasabato waliokuwa wanapika mapema kwa ajili ya Sabato. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu kwa desturi mboga ya mtoni haikuwa na mwenyewe. Hata mwenye shamba hakuona vibaya. Lakini kitu kikianza kuleta pesa, kinapata mwenyewe siku hiyo hiyo. Mabaki yalipochipua kidogo, mwenye shamba aliweka miiba. Kwa hiyo tulimnyang'anya yule mama mara mbili: kwanza mboga, pili njia ya kuifikia.

Tunawaambia haya kwa sababu vikundi vitatu vilivyo hapa vimetuandikia mwaka huu vikiomba kuuza enderema. Hatukatai. Lakini hatutarudia njia ile.

Magokoro alituonyesha jinsi yeye anavyochuma, tukaona aibu kwa kuwa tulikuwa tukifundisha watu bila kumuuliza anayejua. Yeye hashiki shina kwa kuvuta. Anakata ncha kwa ukucha, juu kidogo ya kifundo chenye majani, na anaacha majani mawili au matatu chini yake. Pale alipokata, mmea hutoa ncha mbili badala ya moja. Haichumi enderema iliyozaa matunda meusi, anaiacha iangushe mbegu na ndege wapate chao. Akichuma upande huu wa jiwe leo, wiki ijayo anachuma upande ule. Hakuwa na daftari wala kalenda, lakini ukingo wake ulikuwa umejaa kuliko bustani zetu za maonyesho.

Tunachowaomba vikundi

Ombi letu ni hili: kikundi kinachotaka kuuza enderema kiuze iliyopandwa nyumbani. Ile ya mtoni ibaki ya kula, na ya wale wasio na shamba. Kikundi kiende mtoni mara moja tu kuchukua vipande vya kupanda, na kichukue kwa kukata, si kung'oa.

Kuipanda si kazi ngumu. Kata shina lililokomaa, urefu wa shubiri moja hivi, lenye vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani ya chini. Zika vifundo viwili kwenye udongo wenye mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, acha shubiri mbili kutoka mmea hadi mmea, mwagilia, kisha funika kwa majani ya mgomba kwa siku kama saba jua lisilipige. Ukitaka kupanda mbegu, ponda matunda yaliyoiva, osha, anika kivulini, na uzilowanishe usiku mmoja kabla ya kupanda. Mbegu huchelewa, wiki mbili au tatu, msikate tamaa mkachimbua kuangalia. Ipe fito au uiache ipande ua wa boma. Ikipanda juu haichafuki kwa matope, na kuku hawaifikii. Ukianza na mbegu, ngoja kama miezi miwili kabla ya kuanza kuchuma. Vipande vya shina huwahi kidogo.

Mahali pazuri ni pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, au karibu na tangi la maji ya mvua, au nyuma ya bafu. Asiye na ardhi ajaze gunia udongo na mbolea, aliweke karibu na mlango, apande juu na kutoboa pembeni. Gunia moja halishibishi nyumba, lakini linatoa mboga. Adui wake mkubwa ni minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi iwe na vinundu. Mmea unadumaa na wewe unadhani ni ukosefu wa maji. Usiipande pale ulipotoa nyanya, na kila baada ya muda uihamishe. Majani yakipata madoa ya duara yaachume na kuyatupa mbali, na usiweke mimea imebanana mno.

Hiyo ni sehemu rahisi. Ngumu ni mto wenyewe, na hapo tunawageukia kina baba, maana hati za ardhi nyingi ziko kwa majina yenu. Kanuni za maji za mwaka wa 2007 ziliweka eneo la kuachwa kando ya mto kuwa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kufuatana na upana wa mto. Tuseme kweli: tukiwaambia mita 30 leo, mtaondoka mkutanoni. Tuanze na 6. Mita 6 ni hatua sita ndefu za mtu mzima.

Kuna bonde moja ambako wenye mashamba kumi na mmoja walikubali kupima. Walisuka kamba ya mkonge ya mita 6, wakatembea nayo ukingoni pamoja na mzee wa kijiji na mtu wa chama cha watumiaji maji, wakipigilia vigingi. Tisa walikubali siku hiyo. Wawili walikataa; mmoja wao alikubali baada ya mvua kumchukulia migomba minne. Mwingine hajakubali mpaka leo, na anapita mbele yetu akitusalimu vizuri sana. Ndani ya vigingi hawakuacha pori tupu. Walipanda mianzi na miti ya asili ya mtoni, na majani ya ng'ombe yakaruhusiwa kwenye mita mbili za juu kwa kukata tu, si kulima, ili mwenye shamba asione amepoteza kila kitu. Enderema hawakuipanda. Ilirudi yenyewe msimu wa pili kwa mbegu za ndege, mara kivuli kilipopatikana. Na walikubaliana kwa maneno, mbele ya mzee, kwamba mjane au mtu asiye na shamba anaweza kuteremka kuchuma chakula, ila si kwa gunia.

Sisi tulipenda hilo neno "si kwa gunia". Ni sheria fupi, kila mtu anaielewa, na ni rahisi kumwona mvunjaji. Vikundi vyenu vinaweza kuandika lenu kwenye kitabu cha mikutano, mwandishi asome, watu waseme ndiyo au hapana. Na mwenye shamba awepo siku hiyo. Mkikubaliana juu ya ukingo wa mtu bila yeye kuwapo, mmepanga ugomvi.

Jikoni

Kina mama, hapa nyinyi ni walimu, lakini kuna mambo machache yaliyotoka kwa wenzetu wa afya.

Usile enderema ya mtoni ikiwa mbichi, wala usiwape watoto waitafune njiani. Wachinjaji wanajua yale minyoo bapa yanayoonekana kwenye ini la ng'ombe. Minyoo hiyo, ikiwa bado michanga, hukaa ndani ya konokono wadogo wa majini, kisha hutoka na kujibandika kwenye majani yaliyo karibu na maji. Ng'ombe huyapata hapo, na mtu pia anaweza kuyapata kwa kula majani mabichi. Moto unayaua. Kuosha peke yake hakutoshi. Pia usichume chini ya mahali watu wanaponyunyizia dawa nyanya au kahawa, wala kwenye mitaro ya mjini. Enderema inanenepa sana kwenye mtaro wa mjini, lakini inanenepea nini?

Wengi hawapendi utelezi wake. Wale waliotulea hawakuipika peke yake. Waliichanganya na rinagu au chinsaga, na utelezi ule ukapunguza uchungu wa zile nyingine. Usiifunike wala kuikoroga mno, iachie mvuke utoke. Ipike muda mfupi, kwa sababu vitamini C huharibika kwa moto wa muda mrefu. Weka maziwa, malai au mafuta kidogo. Hii desturi ya Abagusii ya kutia maziwa kwenye mboga haikuwa anasa: vitamini A iliyo kwenye majani haya, ile inayolinda macho ya watoto, mwili huipokea vizuri zaidi ikiwa na mafuta.

Jambo jingine litawaudhi wengi, kwa vile tuko katika nchi ya chai. Enderema ina madini ya chuma, ambayo mama mjamzito anayahitaji ili asipungukiwe damu. Lakini ukila mboga na ukashushia kikombe cha chai papo hapo, chai inazuia mwili usichukue yale madini. Chai ingoje saa moja hivi. Badala yake weka nyanya au kamua ndimu, hizo husaidia. Mama mjamzito aendelee na vidonge vya kliniki kama alivyoambiwa. Mboga hii ni chakula, haishindani na daktari. Na mtu mwenye ugonjwa wa mawe ya figo aulize hospitalini kabla ya kuila kila siku, maana ina asidi ambayo huweza kuchangia mawe hayo.

Kuhusu soko tutasema machache. Jani la enderema ni maji matupu, halivumilii safari. Likichumwa asubuhi na umande, likafungwa ndani ya jani la mgomba na kuwekwa kivulini, linafika sokoni likiwa zima. Likitiwa kwenye mfuko wa plastiki huchemka na kuoza, na mifuko yenyewe ilipigwa marufuku mwaka wa 2017. Kwa hiyo soko lenu ni la karibu: siku ya soko, shule, mikahawa ya hapa hapa. Mtu akija na lori akitaka magunia, mjibuni kwamba yatakuwa tayari bustani zikishakomaa, na mwangalieni kama atarudi.

Mmoja aliuliza kwenye karatasi kwamba magokoro yule yuko wapi sasa. Yuko. Ana magunia mawili mlangoni pake, kikundi kile kile kilichomaliza ukingo ndicho kilimjazia udongo, na walikwenda wenyewe bila kutumwa. Anasema enderema ya gunia haina ladha kama ya mtoni. Tumeionja, na tunafikiri ana haki. Mwenye shamba bado hajaondoa miiba. Tumemwendea mara mbili, na tutamwendea tena baada ya kuvuna, akiwa na moyo mzuri.

Basi. Vipande vya kupanda viko ndani ya lile gunia lililoloweshwa, hapo karibu na mlango wa jiko la kanisa. Vimekatwa jana jioni kutoka kwenye bustani yetu, si mtoni. Kila kikundi kichukue ishirini. Mweka hazina atie alama kwenye orodha, asitoze kitu. Wanaovuka mto wapewe kwanza, kwa sababu mawingu yale ya upande wa Manga tunayafahamu, na saa tisa mvua itakuwa hapa.